Paka Mzima, Ghala Salama

Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipitia Tabora. Mwaka 1912 reli ikafika. Penye ghala la nafaka, panya hakosi. Kwa hiyo paka si pambo, ni mlinzi.

Tunawausia ndugu zetu wa bara na visiwani: mkimchagua paka aliyeokolewa, tazameni macho maangavu, masikio safi, pua isiyotoka kamasi na manyoya yasiyo na mabaka. Mtoto wa paka asitengwe na mamaye kabla ya wiki 8. Paka mwoga hafai nyumba yenye watoto wengi. Mtundu humchosha mzee apendaye utulivu.

Nao mabwana mifugo wahimize chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, dalili zikishatokea, haumwachi paka wala binadamu.