Bei ya Nyumba na Thamani ya Jirani

Ijumaa hii tunazungumzia jambo linalozigusa familia nyingi za mkoa wetu wa Singida: ununuzi wa nyumba.

Tuchukue nyumba mbili zenye vyumba sawa, bati la aina moja na tofali zilezile za kuchoma. Moja iko katikati ya mji, hatua chache kutoka msikitini na sokoni; ya pili iko pembezoni, ambako bomba la maji halijafika. Mafundi walilipwa ujira sawa, lakini bei hazilingani hata kidogo. Kinachouzwa, basi, si tofali pekee. Ni njia, maji, shule, na watu mtakaopakana nao ukuta kwa ukuta.

Nchini kwetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwa miaka mingi kilichohesabiwa kuwa na bei ni maendelezo yaliyo juu yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ndiyo iliyotamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Madalali, bila shaka, walilijua hilo zamani.

Wanajua pia moyo wa mnunuzi. Mstaafu amepokea mafao yake na anarejea kwao. Jioni dalali anampeleka kwenye nyumba inayotazama Ziwa Singidani. Maji yanang'aa, mawe makubwa yametulia, naye anawaona wajukuu wakicheza barazani. Hakumbuki kwamba maji ya ziwa hilo ni ya chumvi, wala haulizi ya kunywa yatatoka wapi. Hapo dalali ananong'ona kwamba kesho anakuja mtu wa Dodoma na fedha taslimu. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, neno hilo ni jepesi kuaminika. Akiba ya utumishi wa maisha yote inaondoka kabla ya Isha.

Ikiwa mtu huyo wa Dodoma hayupo, hiyo ndiyo najshi, yaani kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo. Mtume (S.A.W.) ameikataza, kama alivyokataza kuficha aibu ya kitu kinachouzwa. Dalali Muislamu asiihesabu kuwa ni ujanja wa kazi.

Kuhusu jirani, Imam Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafii (R.A.), aliyekuwa na vyumba viwili katika makazi ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Saad alimpa dirhamu 4,000, tena kwa mafungu, ilhali mtu mwingine alikwishamwahidi dinari 500. Kwa hesabu ya dirhamu 10 kwa dinari, tofauti ni dirhamu 1,000. Abu Rafii alimuuzia Saad, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake.

Sisi wafuasi wa Imam Shafii haki hiyo, iitwayo shufaa, tunampa mshirika katika mali isiyogawanywa; Wahanafi humpa na jirani. Lakini tazameni nyumba zetu za urithi! Ndugu mmoja anauza fungu lake kimyakimya, na wenzake wanaamka kumkuta mgeni katika ua wa mama yao.

Mnunuzi naye amuulize mke wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kesi ya namna hiyo yaweza kudumu kuliko nyumba. Kisha arudi mtaani peke yake, bila dalali: alfajiri, usiku, na siku ya mvua. Aketi na mwenyekiti wa mtaa, aswali na majirani.

Katika visa vya Waarabu wa kale yumo Abu Jahm, aliyeiuza nyumba yake kwa dirhamu 100,000. Walipokutana kukamilisha mauzo, aliwauliza wanunuzi watamlipa kiasi gani kwa ujirani wa Said bin Al-As. Wakashangaa: ujirani nao huuzwa? Akawaambia wamrudishie nyumba yake na wachukue fedha zao. Habari zilipomfikia Said, alimpelekea Abu Jahm dirhamu 100,000, naye akabaki nyumbani kwake.