Nusu ya Fensi Imezikwa

Simu iliingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Februari, kiangazi kimekolea.

"Fundi, ng'ombe wametoka. Wote. Wamemaliza kabichi za jirani."

Aliyepiga alikuwa mzee mmoja mfugaji wa upande wa Rumuruti, kule Laikipia. Fensi yake ya stima niliijenga mimi, Mei iliyotangulia, mvua zikinyesha na nyasi zikigusa magoti. Siku niliyomkabidhi ilikuwa inapiga volti 7,000 kutoka mwanzo hadi mwisho. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na tukanywa chai.

Nilipofika asubuhi ile nilimkuta amesimama kando ya fensi, ameshika waya kwa kiganja kitupu. Hakusema neno. Alinionyesha tu mkono wake. Niliiweka mita yangu kwenye waya, nikachomeka chuma chake udongoni: volti 1,800. Ng'ombe anahitaji 3,000 kwa uchache ili aheshimu waya, na mimi sikabidhi kazi iliyo chini ya 5,000.

Mzee alikuwa ameshaizunguka fensi mara mbili na tochi, akitafuta waya uliokatika au insuleta iliyopasuka. Hakuona kitu kwa sababu hakukuwa na kitu. Mimi nilienda nyuma ya stoo, mahali nilipopigilia vyuma vya ethi, vile vinavyozikwa ardhini. Udongo wa huko ni ule mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Chuma cha kwanza kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya ufa, kama jino linalolegea. Nilitia kidole kati ya chuma na udongo, kikaingia chote.

Kosa lilikuwa langu. Mei nilipigilia vyuma pale kwa sababu palikuwa karibu na mashine na udongo ulikuwa laini. Sikujiuliza pale mahali patakuwaje Februari. Tangu siku hiyo, mtu akiniita kumjengea fensi, kitu cha kwanza ninachotaka kuona shambani ni mahali penye unyevu. Mpaka, malango na nguzo nitaviona baadaye.

Kinachowapotosha wengi ni kudhani stima ya fensi inakaa kwenye waya. Waya ni njia ya kwenda tu. Mashine, ambayo sisi mafundi tunaiita enajaiza, ina midomo miwili: mmoja unaenda kwenye waya, mwingine unaenda kwenye vyuma vilivyozikwa ardhini. Stima ikitoka lazima irudi ilikotoka. Ng'ombe akigusa waya kwa pua, stima inapita mwilini mwake, inashuka kwa kwato, inatembea ndani ya udongo, hata ikiwa ni nusu kilomita, hadi ikute vyuma vya ethi na kurudi kwenye mashine. Hapo ndipo anaporushwa. Njia ya kurudi ikifungwa mahali popote, hahisi kitu. Ndiyo maana ndege anatua juu ya waya ule ule na kujisafisha manyoya kwa raha zake: miguu yake haigusi chini.

Kwa hiyo udongo nao ni waya, na ni waya ambao hakuna anayeununua dukani wala kuukagua. Udongo wenye maji hupitisha stima vizuri. Udongo mkavu, mchanga na mawe huikataa. Msimu wa mvua kila fundi ni hodari, maana hata ethi mbaya hufanya kazi. Kiangazi ndicho kinachotoa majibu, na kiangazi ndicho wakati ambao nyasi za ndani zimekwisha na ng'ombe ana sababu ya kujaribu kutoka.

Ninapigilia vyuma visivyopungua 3, vya mabati yasiyoshika kutu, kila kimoja urefu wa mita 2, vikiachana mita 3 hivi, kisha naviunganisha vyote kwa waya mmoja usiokatwa. Nondo ya kujengea nyumba haifai. Ikishika kutu, ile kutu inakuwa ukuta kati ya chuma na udongo. Wala sifungi waya wa shaba kwenye chuma cha mabati, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu zinalana. Vyuma vikae mbali na ethi ya stima ya nyumba, angalau mita 10. Visikae kando ya birika la kunyweshea wala kibanda cha kukamulia. Nimemwona mama mmoja akihangaika wiki nzima na ng'ombe aliyekataa maji. Ng'ombe hakuwa mgonjwa. Ethi ilikuwa dhaifu, na stima iliyokosa njia ya kurudi ilikuwa ikimtekenya kila alipotia pua kwenye birika.

Kipimo cha ethi ni rahisi na mfugaji yeyote anaweza kukifanya. Nenda mita 100 kutoka kwenye mashine. Chukua nondo mbili tatu, zichomeke ardhini ziegemee waya, uilazimishe fensi kupiga shoti hadi mita isome volti 2,000 au chini yake. Kumbuka kuzima mashine kabla ya kuziegemeza na kuiwasha ukishasogea. Kisha rudi kwenye chuma cha mwisho cha ethi, upime kati yake na udongo ulio mita moja pembeni. Ikisoma chini ya 200 au 300, ethi yako ni nzima. Ikizidi hapo, maana yake stima inarudi kwa wingi kuliko vyuma vinavyoweza kuipokea. Ongeza kingine, pima tena. Kwa mzee wa Rumuruti, asubuhi ile, ilisoma 1,100.

Tuling'oa vyuma vyote. Chini ya ukuta wa bwawa lake, mita 40 kutoka stoo, kuna mahali ambapo nyasi hazikauki mwaka mzima. Tulipigilia 5 pale. Kisha, kwa vile sehemu ya juu ya shamba ni changarawe tupu, tulibadilisha mpangilio wa waya za upande huo: mmoja una stima, unaofuata umefungwa kwenye ethi, tena wa stima, tena wa ethi. Mnyama akipitisha kichwa kati yao anagusa zote mbili, na stima inarudi kupitia waya badala ya udongo. Katika nchi nyingi kavu wanafanya hivyo. Mei sikufanya, nikaona nitamwokolea mzee pesa.

Kazi hii nilijifunzia kwenye uzio wa Aberdare, nikiwa kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo. Uzio ule ulianza kujengwa mwaka wa 1989 na ukakamilika 2009, karibu kilomita 400 kuzunguka msitu mzima, ili ndovu na wanyama wengine wakae msituni na mkulima avune alichopanda. Pale niliona ndovu wanavyojifunza. Meno yao hayapitishi stima, basi ndovu aliyekwisha kujua hilo huning'iniza waya kwenye jino na kuuvuta hadi ukatike, au husukuma mti uangukie fensi. Ng'ombe hana akili hiyo, lakini ana subira, na pua yake hurudi kwenye waya siku yoyote ambayo waya umelala.

Mashine zenyewe zina historia ya wafugaji. Huko New Zealand, miaka ya 1930, Bill Gallagher alianza kutengeneza fensi za stima. Kwa miaka mingi mashine za aina hiyo zilikuwa na udhaifu mmoja: nyasi mbichi zikigusa waya, nguvu yote inaishia hapo. Mwaka wa 1962, Doug Phillips, wa nchi hiyo hiyo, alibuni mashine inayokusanya stima kwanza kisha kuiachia kwa mpigo mmoja mkali na mfupi sana, usiomezwa na nyasi kirahisi. Mashine tunazofunga leo, za sola na betri ya volti 12 au za kuchomeka ukutani, ni wajukuu wa ile. Hata hivyo nyasi bado zinakula nguvu. Mfugaji asiyefyeka chini ya waya anayalisha magugu kwa stima yake.

Huo mpigo ndio unaoifanya fensi iwe salama, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Volti ni maelfu, lakini mpigo unadumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hauji zaidi ya mara moja kwa sekunde. Kati ya mpigo na mpigo waya umelala, na mnyama au mtu anapata nafasi ya kujitoa. Kanuni za kimataifa zinaweka kikomo pia kwenye nguvu ya kila mpigo, isizidi joule 5. Stima ya nyumba ni kitu kingine kabisa. Ni volti 240 tu, lakini haipumziki. Inakamata misuli na hairuhusu mkono kufunguka.

Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja ambako kijana wa nyumbani, kwa kutaka kumsaidia baba yake asinunue mashine, alitoa waya kwenye soketi ya jikoni akaufunga moja kwa moja kwenye fensi. Nilimkuta mtamba wa Friesian amelala ubavu, shingo ikiwa bado juu ya waya, povu limekaukia mdomoni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Yule kijana alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, haongei. Mdogo wake wa miaka minne alikuwa amepita hapo hapo dakika chache kabla. Sijaweza kuusahau ukimya wa boma lile, na tangu hapo siondoki kwa mteja kabla ya kuwaita wote waliomo nyumbani, watoto na wafanyakazi pamoja, nikawaambia: stima ya ukutani isiguse fensi kamwe. Enajaiza ndiyo pekee inayoruhusiwa kukaa katikati.

Na seng'enge isitiwe stima. Miiba ikimnasa mtoto au ndama, mipigo itaendelea kumpiga huku hawezi kujinasua. Kando ya barabara na njia za watu, weka vibao vya onyo vya manjano kwenye waya, vinavyoonekana hata na asiyejua kusoma.

Idadi ya waya inategemea unayemfuga. Ng'ombe mkubwa wa maziwa aliyekwisha kuzoea anazuiwa na waya mmoja tu ulio usawa wa pua yake, na hilo ndilo linalowasaidia wafugaji wa Nyandarua wanaokata malisho vipande, leo hapa, kesho pale. Mbuzi ni kesi nyingine. Anataka waya nne au tano, wa chini kabisa ukiwa karibu na ardhi, maana yeye haruki kwanza, anapenya. Kondoo amevaa koti. Sufu haipitishi stima, basi lazima aguse kwa pua au masikio.

Langoni ndipo fensi nyingi zinapofia. Stima huvushwa chini ya lango kwa waya uliozikwa, na watu hutumia waya wa nyumba kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ganda la waya huo limetengenezwa kwa mamia ya volti, na fensi inabeba maelfu. Mvua ya kwanza tu, stima inavujia udongoni. Nunua waya wa fensi wenye maganda mawili, uupitishe kwenye bomba la plastiki, ncha zote mbili za bomba zikitazama chini ili maji yasiingie.

Baada ya kubadilisha ethi, mzee alitaka kuwaachilia ng'ombe mara moja. Nilimwomba asubiri. Walikuwa wameshajua kwamba waya haumi, na mnyama aliyejifunza hivyo anaweza kuingia mbio, akapigwa akiwa ameshapita katikati, akakimbilia mbele badala ya kurudi. Tuliwaweka kwenye zizi la mbao, tukapitisha waya mmoja ndani yake usawa wa pua, tukafunga vitambaa vyeupe ili wauone. Mtamba mwekundu, yule aliyeongoza wenzake kwenye kabichi, alikuja wa kwanza. Alinyoosha shingo polepole, akafungua pua akanusa kitambaa, kisha akagusa waya. Alirudi nyuma hatua sita, akatikisa kichwa, akabaki akiutazama kwa muda mrefu. Wengine walimtazama yeye. Tuliwaacha humo siku tatu.

Jirani mwenye kabichi alilipwa. Nilichangia sehemu, na mzee alipokataa nilimwachia mkewe.

Februari iliyofuata mimi ndiye niliyepiga simu, hali ya hewa ikiwa kavu kuliko mwaka ule.

"Mzee, shikamoo. Fensi inasomaje?"

"Marahaba, fundi. Elfu sita na mia mbili."

"Hiyo ni ya waya. Na chuma cha mwisho?"

"Mia na hamsini."

"Umeegemeza nondo kwanza?"

Alikaa kimya kidogo. Nilisikia akimwita mjukuu wake amletee kipimo. Kisha nikasikia hatua zake zikikanyaga nyasi kavu, akienda kule juu kwenye changarawe, simu ikiwa bado mkononi.