Hii ndege sio bati

Tangu nitaje kwenye podikasti ile Long-EZ tunayoiandaa kupakwa rangi upya hapa California, mnaniuliza: si mmwagie tu dawa ya kutoa rangi, mmalize siku moja? Jamani, hii sio bati. Ndege hii aliyoibuni Burt Rutan, watu wanaijenga wenyewe gereji kwa povu gumu, kitambaa cha faiba na gundi ya epoksi. Dawa inayolainisha rangi hula na epoksi. Kwa hiyo tunapiga msasa kwa mkono, taratibu. Praima ikitokea, nasimama. Nyuzi za faiba zikikatwa, bawa linapoteza nguvu. Binti yangu anataka nyekundu. Itakuwa nyeupe tena: rangi iliyokolea hushika joto juani, na epoksi ikipata joto sana hulegea.