Betri Ndogo Ndani ya Seva

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za betri ndogo iliyojificha ndani ya mashine kubwa.

Seva ni kompyuta inayohudumia watu wengi kwa pamoja. Huyu anatuma pesa, yule anakata tiketi ya basi, na kila jambo lazima liandikwe kwenye diski lisipotee. Sasa, diski za sumaku zina sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika. Mtasema hiyo ni kasi ya ajabu. Haya, tupige hesabu: ni mizunguko 120 kwa sekunde, kila mmoja ukichukua milisekunde 8 na ushei. Kichwa cha kuandikia kihame, kisha kisubiri mahali pake pazunguke pakifikie. Ndiyo maana diski kama hiyo, ikiandika huku na huku, huandika mara 100 hivi tu kwa sekunde. Wakija wateja elfu, foleni!

Mafundi wakaipa kadi inayosimamia diski kumbukumbu yake yenyewe, yenye kasi kubwa, iitwayo kache. Data ikifika, kadi huiweka humo na kujibu papo hapo, "Nimeshaandika." Kisha huipanga na kuipeleka kwenye diski kwa mkupuo.

Mmeiona hatari? Umeme ukikatika, kache husahau yote. Kadi imeshaahidi, kumbe diski haina hata herufi moja, na pesa ya mtu imeyeyuka. Hapo ndipo betri yetu inapoingia. Haina nguvu ya kuendesha seva. Inailisha kache tu, kwa kadi nyingine hata saa 72, mpaka umeme urudi na maandishi yamaliziwe.

Lakini betri huzeeka, na joto la ndani ya seva huharakisha uzee huo. Huacha kushika chaji, nyingine huvimba. Kadi ikigundua hivyo hufanya uamuzi ninaouheshimu sana: haisemi tena "nimeshaandika" mpaka diski yenyewe iwe imepokea. Data i salama, ila kasi inaporomoka.

Nawaonea huruma mafundi saa hiyo. Kichakataji hakina kazi, mtandao ni mzima, programu haijaguswa na mtu. Kusoma kunakwenda vizuri, ila kila muamala unaoandikwa kwenye hifadhidata unakwama. Watu hukesha wakikagua programu mstari kwa mstari, kumbe mgonjwa ni betri.

Tena baadhi ya kadi huijaribu betri kila miezi mitatu hivi: huimaliza chaji, kisha huijaza upya kwa saa kadhaa, na muda wote huo seva huwa nzito. Fundi mzoefu hulipangia zoezi hilo usiku.

Wapo wanaoilazimisha kadi iendelee kuahidi bila betri nzima. Kasi hurudi kweli, lakini umeme ukikatika, kilichomo kwenye kache ndiyo basi tena. Siku hizi kadi nyingi hutumia kapasita: umeme ukikatika, huipa kadi nguvu ya muda mfupi, inayotosha kunakili kache kwenye chipu za flashi zisizosahau.