Jiwe Lililotoka Baharini: Matembezi ya Miguu Kutoka Kuruwitu Hadi Fort Jesus

Meli kubwa ya watalii inapotia nanga Kilindini, abiria wake huwa hawana muda mrefu wa kukaa Mombasa. Wana saa chache tu kabla ya king'ora kuwaita tena melini. Basi wengi wao huvaa kofia na viatu vya raba, wakashika njia ya Mji wa Kale hadi Ngome ya Yesu, maarufu kama Fort Jesus. Huizunguka kwa miguu ukuta kwa ukuta, kisha hurudi kwao na picha tele na hadithi za kuwasimulia wajukuu.

Sasa muulize mwanafunzi wa shule ya upili aliyezaliwa Mtwapa, Kikambala au Kilifi ameingia mara ngapi ndani ya ngome hiyo. Muulize kama anaujua msikiti wa kale ulio karibu na kwao. Wengi watakujibu kwamba wameyaona magofu hayo vitabuni, au wameyapita wakiwa ndani ya matatu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Makala haya ni ya mzazi anayetafuta namna ya kuitumia wikendi pamoja na watoto bila kufilisika, na ya mwanafunzi aliyechoka kuikariri historia bila kuiona. Ni matembezi ya siku mbili. Yanaanzia Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, na kuishia katika lango la Fort Jesus. Kutoka kituo hadi kituo utapanda matatu, lakini kila ukifika mahali, utatembea kwa miguu yako mwenyewe.

Huenda ukashangaa, msomaji, kwa nini tuanze Kuruwitu mahali ambapo hapana ngome wala gofu. Sababu ni kwamba ngome na misikiti yote utakayoiona katika safari hii ilijengwa kwa jiwe la matumbawe, na hapa ndipo utakapoliona tumbawe likiwa bado hai.

Anzia majini

Kuruwitu ni kijiji cha wavuvi karibu na Vipingo, mahali panapojulikana kwa mashamba ya mkonge, kilomita 40 hivi kaskazini mwa Mombasa. Miaka ya nyuma samaki walikuwa wamepungua sana hapa. Nyavu zilikuwa nyingi, na walikuwapo pia waliovua samaki wadogo wa rangi rangi ili kuwauza nje kama mapambo. Mnamo 2003 wenyeji waliunda chama cha kuyahifadhi mazingira yao, na mwaka 2005 wakachukua hatua ambayo wengi waliiona kuwa ni wazimu: walitenga eneo la bahari la hekta 30 na kukubaliana kwamba hapana mtu atakayevua humo.

Haukuwa uamuzi mwepesi kwa mtu ambaye chakula cha jioni hutoka majini. Lakini matumbawe yalipopumzika, samaki walirudi, na wakaanza kuvuka mipaka ya eneo hilo hadi mahali wanapoweza kuvuliwa. Mwaka 2017 jamii ya Kuruwitu ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Fika hapa asubuhi, siku ambayo maji yanakupwa. Waombe wenyeji wakupe mtu wa kuwaongoza. Waonyeshe watoto kwamba tumbawe si jiwe tu. Limejengwa na wadudu wadogo mno wa baharini, ambao hujitengenezea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Waonye pia wasilikanyage wala kulivunja, kwa kuwa hukua polepole sana.

Mafundi wa zamani wa pwani waliyafahamu matumbawe kuliko sisi. Tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado bichi ni laini, na huchongeka kama mti. Likikaa juani huwa gumu. Kwa hivyo walilitumia kwa kazi za urembo kama vile vibla vya misikiti na fremu za milango. Kwa kuta nene walichimba mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyoachwa na bahari ya kale. Mengine waliyachoma juu ya magogo yakawa chokaa ya kuunganishia. Dari waliziezeka juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba vyao vilikuwa vyembamba na virefu. Waambie watoto wayakumbuke hayo, maana watayaona kwa macho yao kabla jua kutua.

Mnarani, juu ya hori

Kutoka Kuruwitu panda matatu ya kwenda Kilifi. Utaipita njia ya Takaungu upande wa kulia. Likumbuke jina hilo, tutalirudia. Shuka kabla ya kuvuka daraja la Kilifi, ambalo lilichukua nafasi ya feri mwaka 1991. Magofu ya Mnarani yako juu ya genge, ng'ambo ya kusini ya hori.

Mji huu ulianza katika karne ya 14. Una msikiti mkubwa, msikiti mdogo, makaburi na kisima kirefu. Kaburi moja lina nguzo ndefu, na wengi husema kwamba nguzo hiyo ndiyo iliyopapa mahali hapa jina la Mnarani. Katika kibla cha msikiti mkubwa tazama maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye tumbawe. Mchongaji wake hakuwa na mashine, na kosa moja tu la patasi lingemharibia jiwe zima.

Simama ukingoni utazame chini. Utaona mara moja kwa nini watu walijenga hapa. Chombo chochote kinachoingia horini huonekana kikiwa bado mbali. Hata hivyo macho hayakutosha kuwaokoa. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulishambuliwa na Wagala, ambao leo huitwa Waoromo, ukahamwa. Hatari haikuja kwa njia ya bahari waliyokuwa wakiilinda, bali ilitokea bara.

Mwenye siku ya ziada anaweza kuendelea kaskazini hadi Gede, mji wa kale ulio msituni, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2024. Wengine walale Kilifi au warudi Kuruwitu.

Jumba la Mtwana: mji bila mzinga

Siku ya pili geuka kusini. Kabla ya kufika daraja la Mtwapa, kuna njia inayoelekea baharini hadi Jumba la Mtwana. Jina hilo lina maana ya nyumba kubwa ya mtumwa, na limetokana na kumbukumbu za wenyeji. Hapana maandishi ya zamani yanayoueleza mji huu. Ulijengwa katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne iliyofuata. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka 1972.

Hapa ndipo watoto watakapokumbuka maneno ya jana. Waache wapime vyumba kwa hatua zao. Watagundua wenyewe kwamba upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko. Katika msikiti ulio ufukweni watakuta birika la kutawadhia, na kando yake mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo. Aliyekuja kuswali akitoka mchangani alisugua miguu yake hapo miaka 600 iliyopita.

Angalia pia kile ambacho hakipo. Hakuna jukwaa la mizinga. Mji huu uligeuza uso wake baharini, kwa sababu bahari iliuletea wafanyabiashara. Mambo yalibadilika baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno waliiteketeza Mombasa mwaka 1505, kisha wakaishambulia tena mwaka 1528. Tangu hapo aliyetaka kuitawala pwani alihitaji mizinga, na ngome ya kuiwekea.

Fort Jesus ni ya nani?

Sasa unaweza kuingia Mombasa. Shuka mjini, utembee kupitia Mji wa Kale, hadi utakapotokea mbele ya ukuta mkubwa ulioinuka juu ya mwamba. Gusa ukuta huo. Utaona kwamba mwamba wenyewe ni tumbawe, na sehemu ya chini ya ngome imechongwa humo humo mwambani.

Vitabu husema kwamba Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na kwamba ramani yake ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ni kweli. Ukiitazama ramani hiyo utaona mfano wa mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Lakini Cairati hakubeba jiwe hata moja. Mafundi waashi waliletwa kutoka India, na vibarua walitoka Malindi. Mikono ya watu wa pwani hii hii uliyoizuru ndiyo iliyoisimamisha ngome.

Na mikono hiyo ndiyo iliyoilinda pia. Mwezi Machi mwaka 1696, majeshi ya Waomani yaliizingira ngome. Ndani mlikuwa na askari wachache wa Kireno, pamoja na mamia ya watu wa pwani. Njaa na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 Wareno wote waliokuwamo walikuwa wamekufa, pamoja na kapteni wao. Je, ngome ilianguka? La hasha. Ilishikwa na Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika wanane na wanawake Waafrika 50. Walisimama ukutani hadi msaada wa Wareno ulipofika mwezi Septemba. Ngome ilitekwa hatimaye mwezi Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa muda wa miezi 33.

Hesabu tena, msomaji: katika watu waliobaki ndani ya ngome hiyo maarufu, zaidi ya nusu walikuwa wanawake. Majina yao hayakuandikwa. Mwenye binti amsimamishe juu ya ukuta huo, amwambie habari hizi hapo hapo.

Baada ya Wareno, Wamazrui waliitawala Mombasa kutoka humo hadi mwaka 1837, waliposhindwa na Seyyid Said wa Oman na Zanzibar. Baadhi yao walihamia Gasi, na wengine walihamia ule mji wa Takaungu ulioupita jana. Mwaka 1895 mzozo wa urithi wa utawala huko Takaungu ulizaa vita kati ya Wamazrui na Waingereza. Mwaka huo huo Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, ikawa hivyo hadi mwaka 1958. Mwaka 1960 ikawa makavazi, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya Turathi za Dunia.

Bahari inadai chake

Mawe yaliyotoka baharini sasa yanatakiwa na bahari. Mawimbi yameula mwamba ulio chini ya Fort Jesus, hata serikali ikalazimika kujenga ukuta wa kuyazuia. Jumba la Mtwana nalo liko hatua chache tu kutoka kwenye mchanga.

Hapa ndipo utakapoona maana ya kuanzia Kuruwitu. Mwamba wa matumbawe ulio hai huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Nino liliua matumbawe mengi sana ya pwani ya Kenya. Tumbawe likifa na kumomonyoka, ufuo hubaki bila kinga. Kwa hiyo mvuvi anayekubali kutovua katika zile hekta 30 hajilindii samaki peke yake. Watu kama yeye, wakiwa wengi kutoka Lamu hadi Vanga, ni walinzi wa fukwe, na wa magofu yaliyo juu yake.

Magofu yana adui mwingine tunayemjua vyema. Ni mtu anayechonga jina lake ukutani, anayeng'oa jiwe akajengee banda, na anayetaka kiwanja pasipo kuuliza kilichozikwa chini yake. Mtoto aliyewahi kupima chumba cha Jumba la Mtwana kwa hatua zake ni vigumu awe mtu wa namna hiyo.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Uliza kwanza saa za maji kupwa na kujaa Kuruwitu, maana bahari haimsubiri mtu. Beba maji ya kunywa, kofia na viatu vya kufunga. Patipati hazifai kwa mawe ya matumbawe. Ukiwa Mnarani, Jumba na Mji wa Kale, vaa nguo za heshima, kwani hapo pana misikiti na makaburi.

Mnarani, Jumba la Mtwana na Fort Jesus ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na ada ya raia ni nafuu kuliko ya mgeni, kwa hivyo usisahau kitambulisho. Mtafute mwelekezi mwenyeji, umlipe haki yake, na uwape watoto nafasi ya kumuuliza maswali kabla hujayauliza yako.

Mpe kila mtoto daftari, achore kitu kimoja katika kila kituo: tumbawe, nguzo, birika, mzinga. Jioni, mkiwa ndani ya matatu ya kurudi nyumbani, waelezane walichochora na sababu yake. Na siku nyingine wakiiona meli ya watalii ikiingia Kilindini, watakuwa na la kumwambia mgeni.