Bomba Linapovuja, Nani Amlipe Fundi?

Katika mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, mahali ambapo wazee bado hupaita Cyangugu, wapangaji ni wa kila namna: watumishi wa serikali, askari waliohamishiwa mpakani, wafanya biashara wavukao mto kwenda Bukavu asubuhi na kurejea jioni. Ugomvi wao na wenye nyumba aghalabu hauanzii kwenye kodi. Huanzia bafuni.

Mathalani, askari polisi yuko kazini mbali, na mkewe amebaki na watoto katika nyumba yenye choo cha kuvuta. Mwisho wa mwezi ankara ya maji yaja maradufu. Mwenye nyumba asema, "Aliyetumia maji ndiye alipaye." Mama ajibu kwamba tangi la choo lilikuwa likivuja tangu siku ya kuhamia. Huenda wote wawili wasema kweli, lakini hakuna awezaye kuthibitisha, kwa kuwa siku ile hapakuandikwa lolote.

Zamani Rwanda ilifuata amri ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold. Amri hiyo ilimtwika mwenye nyumba matengenezo makubwa, na mpangaji yale madogo ya kila siku, isipokuwa kitu kilipoharibika kwa uzee au kwa nguvu isiyozuilika. Mwaka 2019 sheria zote zilizotangulia uhuru wa 1962 zilifutwa. Hata hivyo mgawanyo ule una busara, nao unafaa kuandikwa katika mkataba. Maana sheria ya mikataba ya mwaka 2011 yasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali huwafunga waliopatana, na sharti yatekelezwe kwa nia njema. Basi karatasi ile ya kurasa mbili, ambayo wengi huitia sahihi bila kuisoma, ndiyo ngao ya kwanza ya familia.

Iandikweje? Mabomba yaliyofukiwa ukutani, shimo la maji machafu, na bakuli la choo lililopasuka kwa uchakavu ni juu ya mwenye nyumba. Mpira wa robine uliolika, au bomba la maji machafu lililozibwa na kitambaa alichotupa mtoto, ni juu ya mpangaji. Tetemeko la ardhi la tarehe 3 Februari 2008, lililopiga Bukavu na Rusizi, lilibomoa nyumba na kuua watu. Bomba likikatika kwa balaa la namna hiyo, si haki kumdai mpangaji. Kenya nayo, katika Sheria ya Ardhi ya 2012, humwachia mwenye jengo lenye wapangaji kadhaa wajibu wa paa, kuta kuu na mifereji mikuu.

Kabla ya kulaumiana, ni vema kujua maji yapotelea wapi. Funga robine zote, kisha tazama mita: ikiendelea kuzunguka, pana mvujo. Halafu mimina kahawa nyeusi ndani ya tangi la choo, usivute kwa muda wa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi umechakaa. Si jambo dogo. Tangi livujalo lita moja kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani jerikani 72 za lita 20, na mama aliyewahi kupanda kilima na jerikani moja kichwani ajua uzito wa hesabu hiyo. Mpira wenyewe ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na ankara.

Mvujo ukigunduliwa, mwenye nyumba aarifiwe siku hiyo hiyo kwa barua au ujumbe wa simu, na nakala ihifadhiwe. Kukata gharama ya fundi katika kodi bila idhini yake ni kujitafutia kesi, hata pale ambapo mpangaji ana haki. Wasipoelewana, mkuu wa mudugudu aweza kuwasikiliza. Na mashauri madogo ya madai huletwa mbele ya abunzi, wapatanishi wa akagari, ambao hutaka kuona maandishi kuliko kusikia viapo.

Askari huhamishwa kwa taarifa fupi, na dhamana nyingi hupotea katika haraka hiyo. Mume akiwa ametangulia kituo kipya, mke na mwenye nyumba waingie bafuni pamoja, mchana, wakiwa na ile orodha ya siku ya kuhamia. Wafungue kila robine, wavute choo mara mbili, wasome namba ya mita na kuiandika mbele ya shahidi. Wote watie sahihi, dhamana irudishwe, ndipo funguo zikabidhiwe.