Mbwa Mwenye Ukurutu: Mpe Chakula Gani?

Mwite mbwa wako, umtazame juani. Je, manyoya yake yanang'aa, au yamefifia na kunyonyoka? Je, anajikuna kila mara? Je, ana magamba karibu na macho, mdomo au viwiko?

Mbwa ni mlinzi wa nyumba yako. Usiku analinda mbuzi na kuku. Mchana anafukuza nyani na ngedere shambani. Mbwa anayejikuna usiku kucha hawezi kulinda vizuri. Tena, upele wa mbwa unaweza kuwawasha watoto wanaocheza naye.

KWANZA TAFUTA WADUDU

Chakula kizuri hakiui wadudu. Kwa hiyo anza na ngozi. Panua manyoya na utafute viroboto na kupe. Kisha funika mkono kwa kitambaa, usugue ukingo wa sikio lake. Kama anarusha mguu wa nyuma kama anayetaka kujikuna, huenda ana upele. Upele huletwa na vijidudu vidogo sana. Huwezi kuviona kwa macho. Mwone bwana mifugo akupe dawa.

Usimpake mbwa mafuta ya taa wala oili chafu ya gari. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe bila kuelekezwa na mtaalamu. Mbwa hujilamba, na sumu humwingia tumboni.

UGALI MTUPU HAUTOSHI

Mbwa wengi vijijini hula ugali na ukoko tu. Ugali unampa mbwa nguvu, lakini haujengi ngozi. Manyoya hujengwa kwa protini. Protini ya mahindi ni kidogo. Tena, mahindi yana kitu kinachozuia madini ya zinki yasiingie mwilini. Ngozi ikikosa zinki huota magamba magumu. Ikikosa mafuta hukauka.

Labda utasema: "Watoto wangu hawapati nyama ya kutosha. Nitampaje mbwa?" Hilo ni swali la haki. Watoto kwanza. Lakini tazama vitu ambavyo tunavitupa. Dagaa waliovunjika, utumbo wa kuku, damu ya mbuzi aliyechinjwa, na vichwa vya samaki vilivyopikwa mpaka mifupa ikalainika. Vyote hivyo ni chakula cha mbwa.

JINSI YA KUPIKA

Hiki ni chakula cha siku moja cha mbwa wa kawaida wa kijijini:

1. Chukua makonzi mawili ya dagaa wakavu. Waoshe mchanga utoke. Wachemshe.

2. Tia unga wa mahindi humo humo. Pika mpaka uive sana.

3. Usitie chumvi, pilipili wala vitunguu. Vitunguu huharibu damu ya mbwa.

4. Chakula kikipoa, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Koroga.

5. Mpe nusu asubuhi na nusu jioni. Mwekee maji safi.

Siku huna dagaa, tia utumbo uliochemshwa au yai lililopikwa. Usibadili chakula kwa ghafla, maana mbwa ataharisha. Ongeza kidogo kidogo kwa siku saba. Kisha vumilia. Manyoya hayaoti kwa siku moja. Ngoja wiki sita hadi nane.

Wako mbwa wachache ambao miili yao hukataa chakula fulani, kama maziwa au nyama ya ng'ombe. Kama wadudu wamekwisha na bado anajikuna, acha chakula hicho. Mpe kingine ambacho hajapata kukila, kwa wiki nane. Usichanganye.

MAMBO MATATU YA HATARI

Mahindi yenye ukungu. Watu wengi huyatupia mbwa. Ni kosa kubwa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu. Mbwa naye hufa. Mahindi ambayo wewe huwezi kuyala, usimpe mbwa. Yafukie.

Maini na mapafu mabichi. Ukiona yana vifuko vya maji, usimpe mbwa kabisa. Choma au fukia ndani sana. Mbwa akila vifuko hivyo hupata minyoo. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na mavi yake, na mtu akiyameza huota vifuko hivyo ndani ya mwili wake. Maini na mapafu mengine yakate vipande vidogo, uyachemshe nusu saa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika ikawa na ncha kali. Inaweza kumtoboa mbwa matumbo.

Ndugu msomaji, mlinzi hulipwa. Malipo ya mbwa ni chakula. Anza leo na makombo ya jikoni kwako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mbwa wa kijiji chetu wanakula nini?

2. Siku ya kuchinja, matumbo na maini mabovu tunayapeleka wapi?

3. Mahindi yetu tunayaanikaje yasiote ukungu?